Nimemaliza rasimu ya kwanza ya riwaya yangu, wazoefu wa kupitia mnaanzia wapi?

Kijana wa Kizuiani (mleta uzi)

Habari za jioni wakuu, niende moja kwa moja. Nimemaliza kuandika riwaya, ni ya kwanza kwangu, maneno kama elfu tisini hivi, sura 31. Inamhusu binti mmoja anaitwa Rehema wa Mbagala Kuu ambae mdogo wake Shomari anapotea siku ile mabomu ya ghala la jeshi yalipolipuka Mbagala, 29 Aprili 2009, na stori inaenda mpaka mwisho wa 2011. Naandika usiku maana mchana nauza vipuri Kariakoo.

Sasa shida ni hii. Kila nikifungua faili naanza na sura ya kwanza, nabadilisha maneno mawili matatu, natoa koma narudisha koma, nikifika sura ya tatu usingizi huo, kesho naanza tena ya kwanza. Sura tatu za mwanzo zinang'aa kama kioo ila ya kumi na tisa sijaigusa toka niiandike na hata sikumbuki vizuri kuna nini mle. Nyie mnaopitia rasimu mnaanzia wapi? Na mtu anajuaje kuwa sasa basi imetosha? Nawasilisha.

Mzee wa Stuli

Ngoja waje wenyewe, mi nimeshavuta kiti hapa.

chuma ulete

Uzi bila picha haunogi. Weka hata kava.

Kalamu Nyekundu

Hongera kwanza mdogo wangu, wanaoanza riwaya Dar hii ni wengi kuliko daladala, wanaofika sura ya 31 ni wa kuhesabu. Mimi nahariri miswada, sana sana vitabu vya shule ila riwaya nazo zinapita mezani, nitakwambia ninachowaambia wote.

Usiguse sentensi hata moja kwa sasa. Hata koma. Unaweza ukainyoosha aya wiki nzima halafu baadae ukagundua sura yote haina kazi kwenye stori, na hapo ndo balaa, kwa sababu ukishaipendezesha unaionea huruma, unaanza kuzunguka zunguka utafute sababu ya kuibakiza. Hizo sura zako tatu zinazong'aa ndo zinanitia wasiwasi kuliko hiyo ya kumi na tisa.

Cha kwanza iache ikae. Stephen King, yule mwandishi wa riwaya wa Marekani, kwenye kile kitabu chake cha uandishi cha 2000 anasema angalau wiki sita bila kuigusa. Mi huwa siangalii kalenda, nasema iache mpaka uanze kusahau majina ya wahusika wadogo wadogo, hapo ukirudi utaisoma kama imeandikwa na mtu mwingine na makosa utayaona mwenyewe bila kuambiwa.

Ukirudi, usiisomee pale pale ulipoiandikia. Maneno elfu tisini ukiyaweka nafasi mbili kati ya mistari ni kurasa mia tatu na kitu, kwa bei za kuprinti za mtaani mia mpaka mia mbili kwa kurasa hiyo hela inauma, najua. Kama huna, igeuze PDF uiweke kwenye simu na ubadilishe fonti, jicho linadanganyika kabisa, makosa uliyoyapita miezi yote unayaona. Isome yote mwanzo mpaka mwisho kama msomaji, siku chache iwezekanavyo, bila kusahihisha. Unaruhusiwa alama tatu tu pembeni: hapa nimechoka, hapa sijaelewa, hapa siamini. Basi.

Ndo unakuja kwenye daftari. Kila sura mstari mmoja: nani anataka nini, anapata au anakosa, na mwisho wa sura kipi kimebadilika. Pembeni yake andika tarehe na mahali. Sura ambayo huo mstari unashindwa kuuandika, au unaandika "Rehema anakumbuka alikotoka", hiyo izungushie duara.

Kijana wa Kizuiani

Asante sana dada Kalamu. Hilo la daftari naanza wikiendi hii. Ila nikiri naogopa hayo maduara maana sura ya kwanza mpaka ya tano zote ni mzee Salumu, yule fundi cherehani ambae Rehema na Shomari wanaishi kwake, alivyotoka Kilwa miaka ya sabini, alivyokuja Dar, alivyopata kiwanja. Nimezihangaikia sana zile.

Kalamu Nyekundu

Rehema anatokea sura ya ngapi?

Kijana wa Kizuiani

Ya sita 😅

Kalamu Nyekundu

Haya.

Mzee wa Stuli

"Haya" ya dada Kalamu ina maneno mengi kuliko hiyo riwaya hahahaa

Msomi wa Changanyikeni

Naomba kutofautiana kidogo na dada Kalamu hapo. Hizi sheria za kuanza na tukio, sijui mtu afe ukurasa wa kwanza, sijui punguza asilimia kumi kila rasimu ya pili (hiyo nayo ni ya huyo huyo King), zimetengenezwa na soko la Wamarekani. Msomaji wetu ana subira na asili ya mtu. Hadithi zetu zinaanza na nani kazaa nani na walitokea wapi, na mtu wa Kusini kuhamia Dar ni historia nzito, Mbagala yenyewe ndo lango la kuingilia mjini ukitokea Kilwa Road. Kijana usikubali kukatiwa mizizi kisa kuna mtu kasema stori ichangamke.

Na hiyo asilimia kumi isishikwe kama msahafu. Waandishi wengi wapya wa Kiswahili ninaowasoma shida yao sio maneno mengi, wanakimbia. Mtu anaachika, anahama nyumba na anaolewa tena ndani ya aya moja, halafu kurasa nne zinaelezea machweo ya jua Koko Beach. Mwingine rasimu yake ya pili inatakiwa iongezeke.

Kalamu Nyekundu

Msomi hapo kwenye kukimbia nakupa mkono, hiyo nakutana nayo kila siku, na ndo maana sijamtajia asilimia yoyote. Ila sijasema akate mzee Salumu kwa sababu anachelewesha. Swali langu ni moja tu, riwaya hii ya nani? Kama ya mzee Salumu basi Shomari akipotea tumtazame mzee anavyobeba huo mzigo mpaka mwisho. Kama ya Rehema kwa nini nakaa na mtu mwingine sura tano halafu naambiwa sasa msahau huyo, mpende huyu? Na Kilwa yake inaweza ikaja baadae, mzee anaongea huku anashona, kidogo kidogo, wakati Rehema anatafuta jibu la kitu. Hapo mizizi inabaki na ina kazi.

Na jambo hili la kukosea nani mwenye stori wala sio la waandishi wachanga peke yao. Harper Lee wa Marekani mwaka 1957 alipeleka muswada ambao mhusika mkuu ni mwanamke mtu mzima anarudi kijijini kwao. Mhariri wake, Tay Hohoff, akaona nguvu ya ile kazi iko kwenye zile kumbukumbu za utotoni, akamwambia rudi huko. Mwanamama akaandika upya karibu miaka miwili na zaidi, 1960 kikatoka To Kill a Mockingbird. Ule muswada wa mwanzo ulikuja kuchapwa 2015 kwa jina la Go Set a Watchman, kwa hiyo mwenye muda anaweza akaviweka viwili pembeni kwa pembeni akaona maana ya kuandika upya. Ni watu wale wale na mji ule ule, ila kitabu kingine kabisa.

Kijana wa Kizuiani

Sasa hapo mmeniacha njia panda. Nikizitoa nazitupa wapi?

Kalamu Nyekundu

Hutupi kitu. Fungua faili jipya liite MAKAPI, kila unachokata unakihamishia huko. Nusu yake hutokirudia na nusu utaokota mistari. Na faili kuu kila unapoanza raundi mpya lisevu kwa jina jipya, rasimu2, rasimu3, na kopi moja ujitumie mwenyewe kwa imeili. Laptopu zinaibwa jamani, na fleshi zinaingia virusi vya kila duka la steshenari mjini.

Pantoni ya Saa Kumi

Mi sijui kwa nini mnajitesa. Naandika hadithi kila siku Facebook na kwenye magrupu ya WhatsApp, kipande jioni, watu wanangoja, sijawahi kurudia kusoma nilichoandika jana na wateja wanalipia. Mwenye kipaji anaandika mara moja.

Kalamu Nyekundu

Kaka kwa vipande vya kila siku uko sahihi kabisa, msomaji anataka kesho ifike. Ila siku ukitaka kuviunganisha viwe kitabu nitafute, maana nimeshahariri vya hivyo. Kila baada ya kurasa nne kuna "ilipoishia" na "sasa endelea", mhusika anaelezewa upya sura yake na urefu wake kwa ajili ya mtu aliyeingia grupu jana, na kila kipande lazima kiishe na mtu kashikiwa bastola au simu inaita. Ukisoma kwa mfululizo unachoka mapema sana. Kimoja mhusika alikuwa na mama yake mgonjwa mwanzoni halafu katikati akawa yatima toka utotoni.

Pantoni ya Saa Kumi

Huyo yatima sio wangu kweli? 😂😂 Haya naendelea kusoma uzi.

Konda Mstaafu

Kijana wa Kizuiani, mi sio mwandishi, nimekaa mlangoni mwa daladala miaka mingi njia ya Rangi Tatu na nasoma sana riwaya. Nikuulize hiyo stori yako ya 2009, watu wanasafiri vipi?

Kijana wa Kizuiani

Kawaida mzee wangu, daladala, bodaboda. Kuna sehemu 2010 Rehema anapanda basi la mwendokasi kwenda Kimara kumuulizia mtu. Na kuna sehemu wanavuka daraja la Kigamboni usiku, ni sura naipenda sana ile.

Konda Mstaafu

Mwanangu. Mwendokasi imeanza kubeba abiria 2016. Daraja la Kigamboni limefunguliwa 2016 hiyo hiyo. 2009 unavuka na pantoni pale Feri na ukikosa la mwisho unalala upande uliopo. Tena hiyo ingekupa stori nzuri kuliko daraja, mtu anakimbilia pantoni.

Na mengine uyaangalie kabla hujaaibika. Konda kupokea sarafu ya mia tano 2009 haipo, ilikuwa noti, sarafu imekuja 2014. Mabasi mengi ya mkoani yalikuwa yanatokea Ubungo, ile stendi ya Mbezi ni juzi tu 2021. M-Pesa iliingia 2008 kwa hiyo hela ya simu inawezekana, ila usimfanye kila bibi kijijini anapokea kwa simu, wengi bado walikuwa wanampa dereva bahasha. Laini ya simu hakuna alama za vidole wakati huo. Grupu la WhatsApp la familia 2009 sahau, watu walikuwa wanabipu.

Kijana wa Kizuiani

Mzee wangu nimeishiwa pozi. Grupu la WhatsApp lipo sura ya tisa.

Mzee wa Stuli

😂😂😂 Konda arudishiwe kazi

Kalamu Nyekundu

Hiki anachofanya mzee Konda ndo sababu nikakwambia uandike tarehe pembeni ya kila sura. Ukishakuwa na hiyo safu tafuta kalenda ya miaka hiyo uangalie siku zenyewe. 29 Aprili 2009 ilikuwa Jumatano, siku ya shule na kazi, kwa hiyo kila mhusika wako lazima ujue asubuhi ile alikuwa wapi na kwa nini. Aprili ni masika pia, njia za Mbagala Kuu zina tope. Ramadhani mwaka huo iliingia kwenye tarehe 22 Agosti hivi, sasa kama nyumba ya mzee Salumu ni ya Waislamu na una sura ya mapema Septemba wanakula ugali mchana barazani, msomaji atasimama hapo hapo.

Konda Mstaafu

Na mafuriko yale makubwa ya Jangwani ni Desemba 2011, yale watu wakahamishiwa Mabwepande. Kama unayo usiyapeleke kwingine. Gongo la Mboto nako mabomu yalilipuka Februari 2011. Mtu wa Mbagala aliyepotelewa na ndugu siku ile, akisikia ya Gongo la Mboto usiku ule hawezi akalala, hiyo mbona hujaitaja?

Kijana wa Kizuiani

Sikuiweka kabisa. Nilikuwa na shimo sura ya 24 mpaka 26, Rehema anakaa tu anasubiri. Mzee wangu umenipa sura.

Dada wa Tandika

Naombeni nichomekee. Mimi siku ya Mbagala nilikuwa mwanafunzi maeneo hayo. Watoto wengi tulipotezana na wazazi, wengine walikimbia mpaka mbali sana wakapatikana baadae. Na wapo waliofiwa. Kijana andika, tena tunahitaji iandikwe, ila kwenye kupitia angalia zile sehemu ambazo umeweka majeruhi kwa ajili ya kusisimua tu. Sisi wa kule tutazijua. Na usichukue msiba wa nyumba fulani inayojulikana ukabadilisha jina tu, mtaa wote utamjua.

Kijana wa Kizuiani

Nimekuelewa dada yangu, pole sana. Kuna kurasa mbili, nikisoma hiyo komenti nazijua tayari ni zipi.

Naomba niweke aya moja hapa ya sura ya sita mnionyeshe, maana nadharia naielewa ila nikikaa kwenye sentensi zenyewe napotea:

"Siku hiyo ilikuwa ni siku ya Jumatano ambayo Rehema hataisahau katika maisha yake. Alikuwa amekaa nje ya nyumba yao ambayo ilikuwa imejengwa kwa matofali ambayo yalikuwa bado hayajapigwa plasta. Ghafla alisikia mlio mkubwa sana ambao ulimshtua sana. Alihisi hofu kubwa moyoni mwake. Watu walikuwa wanakimbia huku na huko huku wakipiga kelele. Rehema alijiuliza mdogo wake Shomari yuko wapi."

Kalamu Nyekundu

Nilisema sentensi baadae ila kwa kuwa umeiweka na sura ya sita itabaki, haya. Naandika haraka haraka:

"Rehema alikuwa barazani anachambua mchele, mgongo kauegemeza kwenye tofali zisizopigwa plasta. Mlio wa kwanza ulitikisa bati. Akadhani lori limegonga mahali. Wa pili ukamwaga mchele. Mama Zuberi wa nyumba ya pili akapita mbio, kanga moja, mtoto mgongoni, hakusalimia. Ndipo Rehema akakumbuka kuwa Shomari katumwa vifungo Kizuiani."

Angalia nilichofanya. "Ambayo" na "ambao" zako zilikuwa nne, zimeondoka zote, Kiswahili kina njia fupi, tofali zisizopigwa, mlio uliomshtua. "Ghafla" nimeitoa kwa sababu mlio wenyewe ni ghafla. "Hataisahau katika maisha yake" inamwambia msomaji kabla hajaona kitu kuwa kuna jambo linakuja, unamharibia. Hofu sijaitaja. Badala yake kuna mama Zuberi, kwa Mbagala ninayoijua mama wa nyumba ya pili akikupita bila salamu ujue dunia imepasuka. Na nimemwanzishia kwa "alikuwa" halafu nikamshika na "-ka-", akadhani, ukamwaga, akapita, akakumbuka, mambo yanasukumana. Wewe kila sentensi ulikuwa unaanza upya na "ali-" na "walikuwa", kila tukio limesimama peke yake.

Msomi wa Changanyikeni

Nzuri. Ila mlio haumwagi mchele dada. Mkono wake ndo umemwaga.

Kalamu Nyekundu

Kweli kabisa. "Wa pili, ungo ukamponyoka." Imekaa vizuri zaidi na mchele tutauona wenyewe umemwagika. Umeona Kijana, mhariri naye anahitaji mhariri.

Pantoni ya Saa Kumi

Aise hiyo ya mama Zuberi hakusalimia imenikaa. Naipitia hadithi yangu moja leo usiku, msiniambie kitu.

Dada wa Tandika

Swali la mwanafunzi, hizo ambaye na ghafla unazipataje kwenye maneno elfu tisini?

Kalamu Nyekundu

Kwenye Word kuna sehemu ya kutafuta neno, unaandika "amba" inakuonyesha zote. Fanya hivyo kwa maneno yako ya mazoea, kila mwandishi anayo yake, wengine ni "huku", wengine ni "hakika", kuna mmoja wahusika wake wote walikuwa "wanashusha pumzi" kila wakiongea. Usiyafute yote, angalia moja moja.

Ila tahadhari kwenye ile ya kutafuta na kubadilisha kwa mkupuo, hasa majina. Kuna muswada ulinifikia mhusika alikuwa anaitwa Ali, mwandishi akaamua awe Juma, akabonyeza badilisha yote. Nikafungua nikakuta "Jumaondoka asubuhi", "Jumamwambia mkewe", "mtoto jumakuwa mgonjwa". Kitabu kizima. Kiswahili kila kitenzi cha wakati uliopita cha mtu wa tatu kina "ali" mbele. Tiki kile kisanduku cha neno zima kwanza, na bado pita kwa macho.

Mzee wa Stuli

Jumaondoka 😭😭😭 nimecheka mpaka abiria mwenzangu kaniuliza kulikoni

Msomi wa Changanyikeni

Niongezee kwenye mazungumzo ya wahusika. Ile mistari iliyo nje ya alama za kunukuu iwe sanifu sawa, ila mzee wa Kilwa, konda wa Rangi Tatu na afisa wa ofisi ya serikali hawawezi kuongea sawa. Rasimu nyingi wote wanaongea kama taarifa ya habari. Jaribio langu ni rahisi, funika majina, soma mazungumzo peke yake. Kama hujui nani anaongea, kazi bado. Na usizidishe pia, ukiandika lafudhi kila neno msomaji anachoka, maneno mawili matatu ya kwake na namna anavyopanga sentensi yanatosha.

Na soma kwa sauti. Mi najirekodi kwenye simu sura nzima halafu nasikiliza kwenye foleni na spika za masikioni. Sehemu ambayo ulimi ulijikwaa ndo sentensi mbovu, na sehemu ambayo mawazo yako yameenda kwenye bei ya nyanya ndo sura mbovu.

Kijana wa Kizuiani

Wakuu nimerudi, kimya kilikuwa kirefu. Nimeiacha ikakaa, nimeisoma yote kwenye simu, daftari nimelijaza. Matokeo: sura nane zina duara. Mzee Salumu sura zake tano zimeenda MAKAPI, kitabu kinaanza na ungo wa mchele. Kilwa yake imerudi vipande vipande, kuna sehemu anamsimulia Rehema huku anatarizi na sijui kama anamwambia ukweli, ambayo zamani haikuwepo kabisa. Usiku wa Gongo la Mboto umeingia sura ya 25. Daraja nimelitoa, wanakosa pantoni. Maneno yameshuka mpaka kama elfu themanini halafu yamepanda tena, Msomi ulisema kweli, kuna sehemu nilikuwa nakimbia, hasa pale Rehema anapoacha shule nilikuwa nimeandika sentensi mbili.

Sasa nataka watu wasome. Niwape akina nani?

Kalamu Nyekundu

Umefanya kazi. Watu watatu mpaka watano, wasizidi, na angalau mmoja awe hakujui vizuri. Usimpe mama wala mchumba kama unataka ukweli, na usimpe mwandishi mwenye wivu kama unataka kuendelea kuandika. Mpe mtu anayesoma riwaya kwa raha zake, na mtu mmoja wa kule kule Mbagala.

Usiwaulize "ni nzuri?" maana jibu la Mtanzania unalijua, "iko poa sana kaka". Waulize uliiweka chini wapi ukaenda kufanya mambo mengine? Wapi ulirudi nyuma kusoma tena? Nani ulimchukia? Ulidhani itaishaje ulipofika katikati? Halafu nyamaza. Mtu akikwambia hapa sikuelewa usianze kumfafanulia, hutokuwepo kumfafanulia kila atakayenunua kitabu. Wakisema watatu sehemu ile ile, ni kweli. Akisema mmoja, pima mwenyewe. Ila wakikupa na dawa, yaani "mi ningemfanya Shomari awe hai", dawa waachie, chukua ugonjwa.

Dada wa Tandika

Mi niko tayari kuwa wa Mbagala. Na sitasema iko poa.

Konda Mstaafu

Na mimi nipe.

Kijana wa Kizuiani

Natuma inbox leo leo. Swali langu la mwanzo sasa, unajuaje imetosha? Maana naona naweza nikakaa nayo mpaka uzeeni.

Msomi wa Changanyikeni

Kwangu mimi ni pale mabadiliko yanapoanza kurudi yalikotoka. Jana ulitoa neno leo unalirudisha. Hapo huboreshi tena, unahamisha fenicha.

Kitu kingine kinachosaidia ni tarehe ya mtu mwingine. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, ile inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu, washindi wake wa kwanza walipewa Aprili 2023 na inapokea miswada ya riwaya ambayo haijachapishwa. Kuna na ya Safal kwa Kiswahili, zamani ikiitwa Mabati-Cornell. Angalia tangazo lao la mwaka husika, masharti yanabadilika, urefu, fonti, namna ya kutuma. Ukishakuwa na tarehe ya mwisho ukutani maamuzi ya koma yanajifanya yenyewe.

Kalamu Nyekundu

Naunga mkono. Koma ndo ziwe za mwisho kabisa, baada ya wasomaji, raundi moja ya lugha tu: tahajia, upatanisho wa ngeli, majina yaandikwe namna moja, Shomari asiwe Shomary sura ya 20. Usiisikilize ile mistari myekundu ya Word, kama haijawekewa Kiswahili inapigia mstari kila kitu mpaka jina lako. Kamusi mezani.

chuma ulete

Bado nasubiri kava.

Konda Mstaafu

Kijana nimeanza kusoma, nipo sura ya 12. Nimependa, mke wangu kanisonya mara mbili nizime taa. Ila daladala ya Rangi Tatu Kariakoo umeipitisha Tazara. Ilikuwa haipiti huko, ilikuwa inanyoosha Kilwa Road, Mtongani, Kwa Aziz Ally, mpaka Bendera Tatu. Iliyokuwa inapita Tazara ni ya Ubungo. Na huyo konda wako mpole sana, anamwambia abiria "tafadhali sogea". Wapi umemuona?

Kijana wa Kizuiani

Hahaha shikamoo mzee wangu. Narekebisha njia leo. Kuhusu huyo konda wangu, nitakupigia simu kesho uniambie angesemaje.